Wimbo Mtamu na Shamba la Mjane

Someni: Ezekieli 33:30–33, Kutoka 32:1–6, 21–24 na 35, 2 Samweli 12:1–13.

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya ngoma, nyimbo, sanamu na michezo ya kuigiza. Twajua ya kuwa wengine wenu watashangaa, maana mmezoea kuona mchungaji akiandika habari za ngoma ili kuzikataza tu. Leo hatukatazi. Neno letu ni jingine, nalo limetoka katika jambo lililotupata sisi wenyewe, wala hatukuwa bila hatia ndani yake.

Mwaka jana, baada ya mahindi kuvunwa, tulialikwa katika kijiji kimoja kisicho mbali na hapa Mpitimbi. Jina la kijiji hatulitaji, kwa kuwa wenye habari hii wangali hai na shauri lao halijaisha. Vijana wa kule wana chama chao cha ngoma. Hucheza lizombe, na mara nyingine mganda, wakijipanga mistari kama askari. Lakini siku ile walikuwa wametunga mchezo mpya, nusu yake wimbo na nusu yake maigizo. Ulikuwa habari ya mwanamke aliyefiwa na mumewe. Kabla matanga hayajaanuliwa, ndugu wa marehemu wakaja, wakapima shamba kwa hatua za miguu, wakamwambia ya kuwa ardhi ni ya ukoo, naye alikuja na kanga zake tu, basi arudi nazo. Kijana aliyeigiza shemeji alikuwa amejifunga mto tumboni, akatembea kwa kiburi, na watu wakacheka hata wakatoka machozi. Kisha ngoma zikanyamaza, na msichana aliyekuwa mjane akaimba peke yake. Uwanja wote ukawa kimya. Tuliwaona wazee wakiinamisha vichwa.

Ngoma ziliporudi watu wakainuka kutuza, kama ilivyo desturi. Mcheza kwao hutuzwa. Sisi nasi tuliinuka, tukaweka noti yetu katika ungo. Na mtu aliyetoa kuliko wote, aliyebandika noti ya shilingi 10,000 juu ya paji la uso wa yule msichana na kumsifu kwa sauti kuu, alikuwa ndiye yeye aliyelichukua shamba. Kila mtu uwanjani alimjua. Alipokwenda kuketi, alipigiwa makofi.

Tulirudi nyumbani tumefurahi. Siku ya tatu, asubuhi, mjane mwenyewe akabisha hodi. Hatukujua ya kuwa siku ile naye alikuwapo, amesimama nyuma ya ukuta wa nyumba ya jirani. Akasema, “Bwana asifiwe, Baba Mchungaji. Shamba langu limechukuliwa na shemeji, na habari yangu imechukuliwa na vijana. Watoto wangu shuleni sasa huitwa watoto wa wimbo. Mimi nimebaki na nini?”

Hatukuwa na la kumjibu. Tulimpa kiti na maji ya kunywa, tukaomba naye, naye akaenda zake.

Basi tukawaendea vijana. Kiongozi wao akatupokea kwa heshima, akasema, “Baba, sisi tumekwisha kuimba. Kazi yetu imekwisha. Yaliyobaki ni ya wazee.” Tukawaendea wazee. Wakasema, “Mambo haya vijana ndio waliyoyaanzisha, nao ndio wenye vinywa.” Tukamwuliza mtu mmoja aliyecheka sana siku ile, naye akatujibu, “Ulikuwa mchezo tu, Mchungaji.” Ndugu zangu, mwaona? Wimbo ulikuwa wa kweli, na waliousikia waliujua kuwa ni wa kweli, hata hivyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa mwenyewe wa kweli ile. Mtunzi aliwatupia wasikilizaji, na wasikilizaji wakamrudishia mtunzi. Shamba lilikaa palepale.

Hapo ndipo tulipokumbuka maneno ya Bwana kwa Ezekieli. Angalieni wakati wake. Habari ya kuanguka kwa Yerusalemu ilikuwa imekwisha kuwafikia wafungwa kule Babeli, mji umeteketezwa, nao watu wakaanza kumpenda nabii. Walizungumza habari zake kando ya kuta na milangoni, wakaalikana kwenda kumsikiliza, wakaketi mbele yake kwa adabu. Kwa macho yetu sisi wachungaji, huo ni uamsho. Tungeandika barua kwa Askofu kumwarifu ya kuwa mahudhurio yameongezeka. Lakini Bwana alimfunulia mtumishi wake ya kuwa kwao yeye amekuwa kama mwimbaji wa nyimbo za mapenzi, mwenye sauti nzuri, ajuaye kupiga kinanda vema. Wayasikia maneno yake, wala hawayatendi. Mara nyingi tumelihubiri fungu hili kama lawama juu ya watu wasiotii mahubiri. Hatukuwahi kufikiri ya kuwa lina neno pia juu ya wimbo wenyewe: ya kuwa utamu wa sauti waweza kuwa mahali pa kujifichia. Mtu hulia uwanjani, na kwa kuwa amelia, hudhani amekwisha kulipa.

Kosa ni la nani basi, la mwenye kutunga au la mwenye kutazama? Fungueni Kutoka, sura ya 32. Musa amekawia mlimani. Watu wanamkusanyikia Haruni, wanataka wafanyiwe mungu wa kuwatangulia. Naye anaagiza pete za dhahabu za masikioni, anazipokea, anatengeneza ndama kwa patasi. Musa aliposhuka na kumwuliza, Haruni akajitetea kwa maneno ambayo kila fundi mwoga angeyasema: ya kuwa watu hawa ni wabaya, ndio waliotaka; na ya kuwa yeye aliitupa dhahabu motoni tu, ndama akatoka. Kana kwamba ndama alijichonga! Soma sasa aya ya mwisho ya sura hiyo. Bwana aliwapiga watu kwa sababu ya ndama, nayo Maandiko yanasema ya kuwa wao waliifanya ile ndama, kisha papo hapo yanasema ya kuwa Haruni aliifanya. Kazi moja, na wafanyaji wawili. Waliotoa pete na waliocheza mbele yake wameandikwa pamoja na aliyeshika patasi, wala Haruni hakufutwa. Nasi tulitia noti katika ungo.

Najua mtu atasema, ndama ile ilikuwa sanamu ya uongo, bali wimbo wa vijana ulikuwa wa kweli. Ni haki. Lakini ikiwa katika uongo fundi na mtazamaji hushiriki hatia, je, katika kweli hawashiriki deni?

Tuseme kwanza deni la mtunzi, maana vijana wetu wa kwaya na wa ngoma husoma gazeti hili. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi, hakuanza na hukumu. Alitunga habari ya tajiri mwenye makundi mengi na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyelala kifuani pake. Fikirini adabu yake katika kutunga. Hakulitaja jina la Bathsheba wala la Uria, hakuitembeza aibu yao mbele ya watumishi wa mfalme ili wacheke. Na habari ilipokwisha, hakuinama akaondoka akisema kazi yake imekwisha. Alikaa. Daudi aliwaka hasira juu ya yule tajiri, akataka auawe. Alikuwa mtazamaji mwema kabisa, mwenye moyo mwepesi wa kuona uchungu wa maskini, ila hakujua amemwona nani. Ndipo Nathani akamwonyesha ya kuwa mtu yule ni yeye. Yule aliyebandika noti ya shilingi 10,000 pajini alikuwa Daudi wa kijiji kile. Tofauti ni hii tu, ya kuwa hapakuwa na Nathani wa kukaa. Vijana hawakuweza, ni wadogo, naye ni baba yao. Mchungaji alikuwapo, tena ameketi katika kiti cha mbele.

Katika nchi yetu wako waliolifikiri jambo hili kwa bidii kuliko sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na miongoni mwao Penina Muhando Mlama, walikwenda Malya katika mkoa wa Mwanza kufanya michezo pamoja na wanakijiji. Hawakuwapelekea mchezo uliokwisha kuandikwa mjini. Walikaa nao, wakawauliza shida zao ni zipi, wakazichunguza pamoja, na wenyeji wakazitia katika ngoma zao wenyewe. Na mchezo ulipokwisha, watu hawakutawanyika. Walikaa wakajadili yale waliyoyaona na nini kifanyike. Kwa njia hiyo mtazamaji alikuwa mtunzi tangu mwanzo, wala hakuweza kusema mwishoni ya kuwa ulikuwa mchezo wa vijana. Kama vijana wetu wangalimwendea yule mama kwanza, wakaketi jikoni pake, wakamwuliza, “Mama, tuseme nini, na tunyamaze nini?”, wimbo wao ungalikuwa mwingine. Labda ungalikuwa mkali zaidi. Ila asingaliusikia kutoka nyuma ya ukuta.

Tena kule Kenya, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walijenga kwa mikono yao uwanja wa maonyesho usio na paa, wakacheza mchezo wa Kigikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa mbele ya watu wote, na wazee waliokuja kutazama wakawasahihisha waandishi, namna mzee asemavyo na asivyosema. Twalitaja jambo hili kwa sababu mchezo ule pia ulihusu shamba. Maskini mwenye kipande kidogo cha ardhi anashawishiwa na tajiri Mkristo afunge ndoa ya kanisani, anakopa fedha kwa ajili ya arusi, na ardhi inampotea. Mkristo anayesoma habari hiyo huweza kukasirika na kusema kanisa limetukanwa. Sisi twasema, kaa kwanza, kama Daudi. Jiulize kama katika usharika wako hakuna arusi iliyoliacha ghala tupu ili picha zipendeze.

Serikali ya wakati ule iliuondoa ruhusa mchezo huo mwezi wa Novemba mwaka huohuo, na siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 uwanja wenyewe ukabomolewa. Alifariki mwaka 2025, mzee wa miaka 87. Basi na watazamaji wajue ya kuwa mtunzi asemaye kweli hulipa, na mara nyingi hulipa peke yake. Waliomshangilia jana humpita njiani leo bila salamu. Hilo nalo ni deni.

Si lazima twende hata Limuru. Bibi Siti binti Saad wa Unguja, ambaye mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri, aliimba habari ya Kijiti, mtu aliyemwua mwanamke mgeni kisha akatoroka. Hukumu ya mambo yale ilikuwa chungu, maana waliopata adhabu ni wanawake waliotoa ushahidi. Bibi Siti alikuwa Mwislamu, mtoto wa watu maskini wa shamba, wala hakuwa na cheo cha kuhukumu jambo. Lakini watu wa Ng'ambo waliushika wimbo ule, na kwa kuushika walilikataa lile lililofanywa lisahauliwe. Imepita karibu miaka mia, na jina la Kijiti bado linanuka.

Hapa twataka kusema neno kwa wainjilisti peke yao. Tulipowapeleka watoto wa kipaimara mjini Songea kuona Makumbusho ya Majimaji, tulifanya kosa. Pale yapo makaburi ya watu walionyongwa na Wajerumani mwezi wa Februari 1906, na wengi wao wamelala katika kaburi moja. Pale zimesimama sanamu za viongozi wa Wangoni. Tuliwafikisha watoto, tukawaacha watazame. Mmoja akapanda ngazi ya sanamu, akaweka vidole viwili nyuma ya kichwa chake kama pembe, ili mwenzake ampige picha kwa simu. Wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akainuka, akaenda zake bila kusema neno. Hatukumgombeza mtoto. Nani alimwambia ya kuwa yule aliyechongwa pale huenda ni babu wa babu yake? Mchongaji alifanya kazi yake, jiwe haliwezi kusema zaidi. Aliyepaswa kuyafungua macho ya watoto ni sisi, nasi tulikuwa tunatafuta soda.

Mahali pale pale, tarehe 1 Novemba 2023, alisimama Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akaomba msamaha kwa mambo ambayo Wajerumani waliyafanya hapa, akawaambia jamaa wa Nduna Songea Mbano ya kuwa watajitahidi kulitafuta fuvu la mzee wao, linalosemekana kuchukuliwa hata Ujerumani. Hakuwanyonga yeye, alizaliwa miaka 50 baadaye. Alikuja kama mtazamaji, akatazama, akakubali ya kuwa yaliyochongwa na kuzikwa pale yanamdai. Wako wasemao maneno hayatoshi. Nasi twasema hivyo. Lakini wengi wetu wa sharika za Kusini tulipokea Injili kwa mikono ya wamisionari wa taifa lile lile, na twakiri ya kuwa kwa miaka mingi tumeimba nyimbo zao tukayapita makaburi yale bila kuuliza neno. Yeye alitoka mbali akasimama. Sisi ni mwendo wa saa moja.

Mtatuuliza, shamba la mjane je?

Tuliwachukua wazee wawili wa kanisa, pamoja na yule kiongozi wa vijana, maana tulimwambia ya kuwa kazi yake haijaisha. Tukaenda kwa yule baba, jioni, bila ngoma. Alitukaribisha vizuri. Alipojua tumekuja kwa neno gani, akasema ni mila ya Wangoni. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye ni Mngoni kuliko sisi sote, akamwambia, “Ndugu yangu, mila ilisema umtunze mke wa ndugu yako, si kwamba umfukuze.” Nasi tukamkumbusha ya kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitangua mila yo yote inayomnyima mwanamke haki yake ya kuipata na kuitumia ardhi. Akanyamaza. Kisha yule kijana, akitetemeka, akasema, “Baba, siku ile ulinituza. Wimbo ule ulikuwa wako.” Hatukumfundisha maneno hayo. Baba yule alitazama chini muda mrefu, kisha akasimama akaingia ndani, wala hakutoka tena. Tulikaa mpaka giza likaingia, mkewe akatuletea taa, tukaondoka.

Tangu siku ile amerudisha sehemu ya shamba, ile iliyo juu ya kijito, yenye mihogo. Sehemu ya bondeni, iliyo nzuri kwa mahindi, bado analima yeye, na shauri liko mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji. Vijana walimwendea mama wakamwomba radhi. Aliwapokea, akawapa togwa. Wakamwuliza kama wauache wimbo. Alifikiri, akasema wasiuache, ila yale ya kulia wayapunguze, maana siku ile walipopima shamba yeye hakulia kabisa, aliwafuata nyuma akihesabu hatua zao, na hesabu anayo hata leo: hatua mia moja na arobaini kutoka mwembe mpaka kijito.

Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno wataucheza tena, uwanja ule ule. Hesabu ile imetiwa ndani ya wimbo. Wazee wa baraza wamealikwa, na viti vyao vitawekwa mbele, mahali tulipoketi sisi mwaka jana. Ngoma zikinyamaza hatutatuza kwanza. Tutaketi, na mwenye neno atasimama aseme. Mama amesema atakuja, naye atakaa upande wa huku wa ukuta. Sharika za jirani zinazotaka kuleta vijana wao watuarifu mapema, kwa ajili ya chakula.